Kabla Ardhi Haijakaza

Mama alisema atakaa kwetu mpaka maharage yavunwe, kisha atarudi kwake. Alisema hivyo siku ile tuliyomleta, akiwa bado na hogo la plasta mkononi, na hakurudia tena, kwa sababu mama si mtu wa kurudia neno. Maharage yenyewe yalikuwa hayajapandwa. Tuliyapanda mwezi wa pili, nyuma ya nyumba yetu hapa Izia, Sumbawanga mjini, mimi nikichimba vishimo na yeye akidondosha mbegu kwa mkono wa kushoto. Tangu yalipotoa maua ya kwanza nikawa nayaangalia kama abiria anavyoangalia barabara huku hataki basi lifike.

Kwake ni kijijini, ukishapita Laela, unaacha lami na kuingia ndani kwa pikipiki. Baba alipofariki alibaki peke yake, kwa kupenda mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka, akitoka kisimani na ndoo, aliteleza kwenye tope na kuangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika. Alilala pale njiani mpaka jirani mmoja mwanamke alipopita na kumkuta, na alipoulizwa amelala muda gani alisema hajui, mvua ilikuwa inanyesha. Jibu hilo ndilo lililomtisha kaka yangu anayeishi Tunduma. Alinipigia simu usiku uleule. "Asirudi kuishi peke yake," alisema. "Wewe ndiye uko karibu naye."

Kwa hiyo mimi nilitaka abaki, naye alitaka kuondoka, na kati yetu kulikuwa na vijituta vya maharage.

Mtu asiyelima Ufipa anaweza kudhani mama alikuwa na haraka ya bure. Mvua zikielekea kuisha, wakati nyasi zimefika kiunoni na udongo bado una maji, ndipo watu wetu huinua intumba. Unafyeka nyasi, unazikusanya mduara, unakata udongo pamoja na mizizi yake na kuugeuza juu ya zile nyasi, mpaka unapata kichuguu cha mviringo kama kikapu kilichofunikwa. Nyasi zinaozea ndani kiangazi chote. Mvua mpya zikianza unakibomoa, unasambaza, unapanda mahindi au ulezi, na huhitaji kuomba mbolea kwa mtu. Lakini lazima ufanye kabla ardhi haijakaza. Ikishakaza, jembe linaruka juu kama umepiga jiwe, na mwaka unaofuata huna shamba. Mama alijua hilo. Nami nilijua. Kila siku ya jua ilikuwa upande wangu.

Nina duka la vifaa vya shule kule Chanji. Mwezi ule nililifungua kwa kuchelewa mara nyingi, kwa sababu kila asubuhi nilishuka kwanza bustanini. Bustani yetu si kubwa. Juu, karibu na jiko, kuna mchicha na chainizi. Katikati palikuwa na maharage. Chini, kiwanja kinapoinamia kwenye bonde, palikuwa na nyasi tu, tulipaacha miaka yote kwa sababu mume wangu alisema ipo siku tutajenga banda la kuku. Nilikuwa nakagua maganda ya maharage, nikibonyeza kwa kidole, nikitafuta yaliyo mabichi. Nikiyapata natulia kidogo. Saa moja baadaye, nikiwa dukani, namuuzia mtu daftari huku nasikiliza upepo kwenye bati.

Mama naye hakutulia. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Alikwenda mpaka kona ya barabara na kurudi. Nilimwona mara kwa mara akisimama kwenye zile nyasi za chini na kukandamiza udongo kwa kisigino, kisha akitazama alama iliyobaki. Hogo lilikuwa limetolewa kabla ya Pasaka. Tangu siku hiyo mkono wa kulia aliuweka ndani ya kitenge, na nikimuuliza unaumaje, alisema hauumi, unapumzika.

"Maganda bado mabichi, mama," nilimwambia asubuhi moja.

"Macho yako ndiyo mabichi," alijibu. "Tutang'oa kesho."

Tuling'oa kesho yake, umande ukiwa bado juu ya majani, kwa sababu jua likishapanda maganda makavu hupasuka na kutawanya punje. Kulikuwa na baridi ya kukata vidole. Mama alivaa sweta la mume wangu na kufunga kanga kichwani, akaanza mstari wa kwanza kwa mkono wa kushoto: anashika shina chini, anazungusha kidogo, anavuta, anakung'uta udongo kwenye goti. Nilimfuata mstari wa pili. Tulipofika katikati akasimama.

"Haya ya kwako yamekaa vizuri," alisema, akiinua shina lenye maganda mengi. "Yangekuwa juu ya intumba yangekaa vizuri zaidi."

"Huku mjini nani anainua intumba, mama."

"Udongo haujui kama uko mjini."

Tuliyatandaza kwenye turubai uwanjani. Yalikauka siku kadhaa, kwa jua na upepo, kisha tukayapura kwa fimbo na kuyapepeta. Mama alipepeta mwenyewe. Ungo aliushika kwa kushoto na kuusaidia kwa kiwiko cha kulia, na punje nyingi zaidi ya kawaida zilimwagika upande mmoja. Alizifuata chini moja moja akaziokota. Niliona. Wakati huo nilikuwa nahesabu vitu vingine.

Siku hizohizo mume wangu alichukua fyekeo na kuanza kufyeka zile nyasi za chini. Yeye ni mtu wa Mbeya, mtumishi wa serikali, aliletwa Sumbawanga na kazi na kubaki kwa sababu yangu, au ndivyo anavyosema tukiwa na wageni. Anapenda kiwanja safi. Alifyeka jioni baada ya kazi, nyasi zikalala zimeelekea upande mmoja, nzuri kabisa. Mama alimtazama kutoka mlango wa jiko, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilisikia akimsifu.

"Mkwe anajua," aliniambia kwa Kifipa, ili mwenyewe asielewe. "Ameniandalia."

Usiku huo alinieleza mpango wake. Atainua intumba za huku chini, ziwe zawadi yake kwetu, kisha ataondoka katikati ya wiki. Shamba lake kule lilikuwa linamsubiri. Aliona udongo bado unakubali. Nikamwambia kliniki ya mifupa walitaka kumwona tena. Akasema mifupa ni yake.

Jumamosi tulikwenda kwenye jumuiya, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kusali. Mume wangu ni Mmoraviani, hubaki nyumbani. Tulikuwa kwenye nia za maombi, na mwanamke mmoja alikuwa ameanza kumwombea mama apate nguvu za kurejea salama kwake, nami nikijitahidi kuitikia pamoja na wengine, wakati harufu ya moshi ilipoingia dirishani. Mama aliinua kichwa. Alinusa kama anavyonusa mtu anayejua kila kinachoungua. Hakungoja baraka ya mwisho.

Tulimkuta mume wangu amesimama chini ya bustani, mabuti miguuni, reki mkononi, uso umejaa furaha. Zile nyasi zote alizikusanya rundo moja, akaweka juu yake mashina ya maharage tuliyokwisha kupura, akawasha. Zilikuwa zimekauka vizuri. Hakukuwa na cha kuokoa. Moshi ulikuwa unaelekea bondeni, na pembeni upepo ulishaanza kuinua jivu.

"Karibuni," alisema. "Nimewamalizia kazi. Sasa mama anaweza kutengeneza matuta bila kusumbuka na takataka."

Mama alisimama mbali naye, kama inavyompasa mtu na mkwe wake. Hakuwahi kumsemesha moja kwa moja katika jambo zito tangu tulipooana. Kila neno lilipitia kwangu, hata kama wote watatu tulikuwa hatua chache mmoja kutoka kwa mwingine.

"Muulize mume wako," alisema, "nyasi zile zilimkosea nini."

Mume wangu alinitazama. "Mwambie mama, kwetu tunachoma. Jivu ni mbolea."

"Mwambie jivu linakwenda Kalambo na upepo."

"Mwambie..." Akaanza kuelewa kwamba alichofyeka hakikuwa takataka. "Zilikuwa za kufukia?"

"Zilikuwa za kufukia," nilisema.

Aliinamisha kichwa na kukuna paji la uso kwa mpini wa reki. Nami, wakati nikifanya uso wa huzuni, moyoni nilikuwa nafanya hesabu yangu. Bila nyasi hakuna intumba. Mama hawezi kuondoka na kuacha kazi aliyoitamka. Wiki moja nyingine ya upepo huu, na ardhi ya kule kwake itakuwa imekaza. Nilitaka kumbusu mume wangu palepale.

Mama alizunguka rundo la moto mara moja. Akachukua kijiti, akakoroga ukingoni. "Hili likipoa," alisema, "mwambie alikusanye kwenye ndoo kabla halijaruka lote. Vitunguu vitalipenda. Halafu mwambie avue hilo koti zuri. Bondeni kuna nyasi."

Basi mume wangu akaenda bondeni. Huko chini, karibu na maji, nyasi hukaa kijani muda mrefu, na mwenye eneo hilo, mama mmoja mzee jirani yetu, alituruhusu tukate tutakavyo. Mume wangu alifyeka, akafunga mizigo kwa kamba ya katani, akaibeba kichwani kuja juu, maana toroli letu lilikuwa na tairi moja bovu. Alipita njia ya watu. Sisi tulimsikia kabla hatujamwona.

"Shikamoo mama," alimsalimu yule mama mwenye bonde.

"Marahaba. Bwana afisa, ng'ombe umeleta lini?"

"Sina ng'ombe, mama. Nimeoa Ufipa. Huku tunalisha udongo."

Mzee yule alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa mfereji. "Na unakula sana huo. Rudi tena, bado."

Alirudi mara nyingi. Shingo ilikuwa nyekundu, mbegu za nyasi zimemshika nyusi. Mama alipokea kila mzigo kwa macho, akionyesha kwa kidevu pa kuutua. Alipanga miduara ardhini kwa kuburuta kisigino. Nilikuwa natembea huku na huku nikijifanya nasaidia. Nilibonyeza udongo. Mahali pale palipokuwa na nyasi ndefu, kivuli kilikuwa kimeutunza. Ulikuwa bado laini. Nikajilaumu kwamba sikumwambia afyeke mapema zaidi.

Kisha mama akachukua jembe.

Ni jembe pana la kwake, alilokuja nalo kutoka kijijini, kwa sababu alisema majembe ya mjini ni ya kupalilia maua. Alivua kanga ya begani, akaikunja, akaiweka juu ya jiwe. Akatoa mkono wa kulia kwenye kitenge. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona vizuri mchana. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na kifundo kimeinama kidogo upande, kama mpini uliokaushwa vibaya.

Pigo la kwanza lilikuwa zuri. Jembe liliingia, akalivuta, pande la udongo likageuka na mizizi juu, likalala juu ya nyasi mahali pake. Mume wangu akasema, "Aaa," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeonyeshwa jibu la hesabu. Pigo la pili jembe lilizunguka ndani ya kiganja, bapa likapiga udongo ubavu. Mama akabadilisha mikono, kushoto mbele. Hakuzoea hivyo, jembe likaenda kombo. Akarudisha kulia. Alipoliinua tena, vidole viliachia kabla halijashuka, likaanguka nyuma yake na kutulia kwenye jivu.

Mume wangu aligeuka upande wa bondeni na kuanza kutoa mbegu za nyasi kwenye nyusi zake, moja moja, kwa uangalifu mkubwa. Nilitaka kwenda kumshika mama, nikajua nikifika karibu atanifukuza.

Aliinama, akaliokota jembe kwa kushoto. Alilitazama, si kwa hasira. Kisha akamwendea mume wangu, akasimama mbele yake kabisa, karibu kuliko nilivyowahi kuwaona.

"Mkwe," alisema. "Shika. Usinyanyue juu hivyo mnavyonyanyua huko kwenu. Kata kama unakata mkate."

Alimwambia yeye. Hakuniambia mimi nimwambie. Mume wangu alipokea jembe kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anayepokea zawadi, na nadhani hata yeye alisikia tofauti, maana kazi yote iliyofuata aliifanya bila kunitazama.

Tulifanya mpaka jua likaegemea. Yeye alikata, mimi nikapanga nyasi, mama akazunguka akiwa ameketi, akisogeza kigoda kutoka mduara mmoja kwenda mwingine. "Mizizi iangalie juu. Si hivyo. Hivyo itachipua, utakuwa umepanda majani. Funika shingo. Hiyo ya kwako, mkwe, imelala, mvua moja itaimaliza." Mume wangu alibomoa na kurudia. Kwenye intumba ya mwisho mama hakusema kitu, na yeye akaisubiri sifa, akaikosa, akaridhika.

Mume wangu alipokwenda kuoga, nikabaki na mama. Alikuwa ameurudisha mkono ndani ya kitenge.

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Nilishuku."

"Kwa nini hukusema? Tungekuinulia sisi, usingejitesa."

"Nilitaka kuuliza mkono hapa," alisema. "Kule ningeuliza mbele za watu."

Ndipo nilipoelewa ile hamu ya kutuachia zawadi. Wiki zote zile nilikuwa nikidhani nashindana naye kwa maharage na upepo, na yeye alikuwa na swali lake jingine, alilokuwa akilizunguka kila alipokandamiza udongo kwa kisigino. Hakuwa na haraka tu. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Aliomba simu. Nikampigia yule jirani aliyemkuta njiani siku ile, nikamkabidhi. Walisalimiana kwa Kifipa, salamu ndefu, hadi mbuzi. Kisha mama akamwambia shamba lake la kijijini alichukue mwaka huu, yeye na mumewe, wainue intumba wiki hii hii kabla ardhi haijakaza, wapande watakacho. Upande wa pili likaja swali, ambalo sikulisikia. Mama akajibu, "Mwaka huu." Akasema tena, "Nimesema mwaka huu." Akanirudishia simu bila kuaga.

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Nilidhani nikikipata nitalala. Badala yake niliingia jikoni, nikaweka sufuria, nikatoka, nikaingia tena kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yangu. Kaka alipiga kutoka Tunduma, nikamwambia mama anabaki. Akasema, "Ashukuriwe Mungu, umemshawishi vipi?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, mama alikuwa tayari amekaa mlangoni akinisubiri na orodha yake, ambayo ilikuwa kichwani. Tuende kule Jumamosi, alisema, tuchukue vyombo. Ungo mkubwa. Kinu, mchi wake upo nyuma ya mlango. Blanketi la kijivu. Kuku wote, isipokuwa yule mweusi, huyo apewe jirani, ana fujo. Mbegu za ulezi zilizoko kwenye kibuyu juu ya jiko. Mume wangu alikuwa anafunga viatu, akauliza kama kitanda nacho kingeingia kwenye gari la kuazima.

"Kitanda mkiache," mama alimwambia. "Mkishatoa kitanda, watu watasema nyumba haina mwenyewe."

"Ndiyo, mama," alisema.

"Na mkitandike."

Kisha akaondoka kwenda misani peke yake, mbele yetu, kwa mwendo wa haraka, na ilinibidi nikimbie kidogo kumfikia kwenye kona.